Bibi Mary Leakey, mtoto wa mchoraji aliyesoma kwa mawe

Wasomaji wengi wakisikia jina la Leakey hukumbuka mafuvu ya kale ya bonde la Olduvai, na pengine hufunua ukurasa mwingine papo hapo, kwani mjadala wa asili ya binadamu ni mrefu na kila mtu ana itikadi yake. Mimi leo sikukusudia kuingia katika mjadala huo. Nataka kueleza habari za utoto na mkono wa Bibi Mary Leakey. Huyu ni mtu aliyejifunza kuchora na kupambanua vitu angali mdogo, kwa mawe na udongo aliouokota mwenyewe, bila ya mtu kumwekea kiolezo mbele yake. Kazi yake kubwa ya mwanzo katika nchi yetu aliifanya Nakuru, na ni huko Nakuru nilikopata sababu ya kumwandika.

Bibi huyu alizaliwa London tarehe 6 Februari, 1913, akaitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha za mandhari. Alikuwa akisafiri Ufaransa, Italia na kwingineko akichora, kisha akirudi Uingereza kuziuza picha zake, na mkewe na binti yake wakimfuata kila aendako. Mama yake, Cecilia, alikuwa wa ukoo wa Frere.

Hapo msomaji wa Mombasa atainua kichwa. Naam, ni Frere wale wale wa Frere Town, kule Kisauni, panapo Kengeleni. Bwana Bartle Frere ndiye aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshurutisha Sayyid Barghash akubali mkataba wa kufunga soko la watumwa, na makao ya watumwa walioachwa huru yakaitwa kwa jina lake. Katika ukoo huo huo alikuwako John Frere, ambaye mwaka 1797 aliona mawe yaliyochongwa yakitoka ardhini mahali paitwapo Hoxne, Uingereza, akatambua kuwa ni kazi ya mikono ya watu wa zamani mno. Wenziwe hawakumsikiliza kwa zaidi ya nusu karne. Basi wako wasemao kwamba Mary alirithi. Mimi siamini sana mambo ya damu. Naamini zaidi yale ayaonayo mtoto na yale anayoachiwa ayashike.

Mwaka 1925, Mary akiwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walipanga nyumba katika kijiji cha Les Eyzies, kusini magharibi mwa Ufaransa, katika nchi ya mapango na majabali. Wakati huo bwana mmoja Mfaransa, Elie Peyrony, alikuwa akichimbua pango moja, na kama walivyokuwa wengi wa siku zile, alichukua vitu vilivyompendeza na vingine akavitupa pamoja na kifusi. Mary aliomba ruhusa ya kuchakura katika kifusi kile, akapewa. Akawa anashinda humo. Aliokota vipande vya gumegume vilivyochongwa, akavipeleka nyumbani, akavipanga: vyenye ncha mbali, vya kukwangulia mbali, vyembamba kama visu mbali. Hapana mtu aliyemwambia avipange hivyo. Akikosea huvichanganya tena na kuanza upya. Wataalamu wenyewe walikuwa bado wakibishana juu ya mpango ulio bora, na huyu mtoto anajitungia wake sakafuni.

Baada ya hapo familia ilihamia kijiji cha Cabrerets, na padri wa kijiji, Lemozi, mtu aliyependa mambo ya kale, akamchukua Mary na babake kuliona pango la Pech Merle. Pango hilo liligunduliwa na vijana wa kijiji mwaka 1922, si na maprofesa. Ndani yake mna farasi wenye madoadoa, waliochorwa kwa makaa na udongo, na pembeni mwa farasi mna alama za viganja vya mikono. Mchoraji aliweka kiganja chake juu ya mwamba akapuliza rangi kukizunguka, na alipokiondoa ikabaki sura yake. Zana zake zote zilikuwa mkono, pumzi na udongo.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1926 baba yake alifariki dunia ghafla huko huko Ufaransa, Mary akiwa na umri wa miaka 13. Mama akarudi naye Uingereza, akamtia katika shule za masista. Huko mambo hayakwenda. Shule moja ilimfukuza kwa kuwa alijificha katika chumba cha tanuri asisome mashairi mbele za watu. Shule ya pili ilimfukuza baada ya kuripua kitu katika darasa la kemia. Hakupata kufaulu mtihani hata mmoja. Mama alipokwenda kuuliza habari za chuo kikuu cha Oxford, aliambiwa asijisumbue kuleta maombi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1981, chuo hicho hicho kilimtunuku digrii ya heshima.

Sisemi haya ili watoto waache shule. Mzazi asije akanilaumu. Nasema tu kwamba jambo ambalo Mary alikuwa nalo halikuwa katika mitihani ya shule zile. Alikuwa na jicho na mkono. Alihudhuria mihadhara ya elimu ya kale na ya miamba mjini London, kisha kuanzia mwaka 1930 akaenda kufanya kazi ya kuchimbua huko Hembury, chini ya bibi mmoja aitwaye Dorothy Liddell, na huko akawa anachora zana za mawe zilizopatikana. Kuchora jiwe lililochongwa si kazi rahisi. Picha ya kamera huonyesha weusi na weupe tu. Mchoraji hana budi kuonyesha kila pigo limetoka upande gani na kibanzi kimeruka wapi. Ni lazima aelewe mchongaji alifanyaje. Bibi Gertrude Caton-Thompson, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, aliiona michoro hiyo, akampa kazi ya kuchora katika kitabu chake. Kwa njia yake Mary akajuana, mwaka 1933, na Louis Leakey, kijana aliyezaliwa Kabete, mtoto wa wamishenari, naye pia alikuwa akiokota mawe yaliyochongwa tangu utotoni. Louis alimwomba amchoree kitabu. Yaliyofuata yalileta maneno mengi Uingereza, kwa sababu Louis alikuwa na mke na watoto. Walioana mkesha wa Krismasi mwaka 1936, baada ya talaka, na mwanzoni mwa mwaka 1937 wakaja Kenya.

Sasa tufike Nakuru. Louis alikuwa akishughulika na kuandika mila za Wakikuyu, na Mary akahitaji kazi yake mwenyewe. Kiasi cha kilomita 4 kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi, kuna kilima chenye majabali ambacho walowezi walikiita Hyrax Hill kwa sababu ya pimbi wengi waliokuwa wakiota jua juu ya mawe yake. Zamani sana ziwa la Nakuru lilipokuwa kubwa maji yake yalifika chini ya kilima hiki. Mary alichimbua hapo mwaka 1937 na 1938. Alipata makaburi ya watu wa zama za mawe, na wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na sahani za mawe, ilhali wanaume hawakuwa nazo. Upande mwingine alipata mashimo ya makao ya wafugaji wa zama za karibu zaidi, yale yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Yote aliyachora kwa mkono wake, tabaka kwa tabaka.

Lakini kitakachompendeza msomaji wa pwani ni kitu kingine. Juu ya majabali ya kilima kile kumechimbwa bao. Ndiyo, bao, mashimo yaliyopangwa kwa safu, yamechongwa katika mwamba wenyewe. Aliyelichonga hakuhitaji seremala wala kete za kununua. Mwamba ulikuwapo, na kokoto zilikuwapo miguuni pake. Na watoto wetu wa Lamu, Mombasa na Pemba, ambao hawana mwamba wa namna hiyo, huchimba mashimo yao mchangani na kucheza kwa komwe. Nilipoliona bao lile mara ya kwanza nilisimama nikahesabu mashimo kama mtu aliyekutana na jamaa yake katika nchi ya mbali.

Mwaka 1938 Mary na mumewe walichimbua pango la mto Njoro, magharibi ya Nakuru. Hapo walizikwa watu wapatao 80, miaka kama 3,000 iliyopita, nao walichomwa kwanza, desturi ambayo kwetu ni ngeni kabisa. Moto ule uliogeuza vitu kuwa makaa ndio ulioviokoa visioze. Kwa hiyo vikapatikana vitu ambavyo kwa kawaida havidumu, kama vipande vya vibuyu, kamba zilizosokotwa, na chombo cha mti kilichonakshiwa. Pamoja na hivyo zilipatikana shanga nyingi, nyingine za mawe magumu ya rangi, nyingine za mbegu. Mtu wa Njoro alikuwa akiokota jiwe jekundu au la kijivu, akalisugua mpaka likawa duara, akalitoboa kwa subira, akalitunga katika uzi pamoja na mbegu za mmea wa kandokando ya maji.

Nimekaa Nakuru miaka kadhaa, katika mtaa wa Bondeni ambao Waislamu wa huko wanaujua vizuri. Likizo za mwisho wa mwaka nilikuwa nikikusanya watoto wa majirani barazani ili wasizurure. Huko hakuna majira ya kupukutika majani kama ya Ulaya, lakini ikifika Oktoba na Novemba mijakaranda humwaga maua yake ya zambarau mpaka njia zikafunikwa, na mvua ikinyesha maji hufukua vipande vya lile jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, liitwalo obsidiani, ambalo milima ya moto ya Bonde la Ufa ililitapika. Ndilo jiwe ambalo watu wa kale wa Elmenteita na Naivasha walitengenezea visu vyao. Watoto walikuwa wakija na mikono imejaa: maua ya jakaranda, majani ya leleshwa ambayo kwa chini ni meupe kama fedha, magome ya mgunga, mbegu, makaa, udongo mwekundu. Niliwakataza jiwe lenye makali tu. Mengine niliwaachia, nikawaambia wafanye wapendavyo.

Msichana mmoja wa miaka kama saba hakutengeneza nyumba, wala ua, wala mtu. Alipanga safu ndefu sakafuni, kuanzia kilicho cheusi kabisa mpaka kilicho cheupe kabisa: makaa, mbegu, gome, udongo, jani kavu, jani la leleshwa lililogeuzwa. Akakaa akaitazama, akakitoa kimoja, akakihamisha. Asubuhi nzima. Mzazi wake alipokuja kumchukua akauliza ni kitu gani kile, na kwa kuwa hakikuwa na jina, akachukua ufagio akakifagia. Hakufanya kwa ubaya. Aliona ni taka, na baraza ilikuwa ya wenyewe. Mtoto hakulia. Ila siku iliyofuata alichora nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili, sawasawa na nyumba za watoto wengine wote, na kila siku baada ya hapo akachora nyumba ile ile.

Nilipokuja kusoma maisha ya Bibi Leakey nikamkumbuka yule msichana. Kazi ya safu ile na kazi ya Mary katika kifusi cha Les Eyzies ni kazi moja. Kutofautisha, kulinganisha, kuweka hiki kando ya kile na kuona kama vinakubaliana. Tofauti ni kwamba baba yake Mary, kwa kuwa alikuwa mchoraji, aliketi chini pamoja naye akavitazama vile vipande, wala hakumuuliza vinafanana na nini.

Sisi wa pwani haikutupasa kuwa wageni wa mambo haya. Mtoto wa pwani alikuwa akisuka kititia cha kuti kikazunguka kwa upepo, akafanya kidau cha kumbi akakishindanisha ufukweni. Chuoni aliandika juu ya ubao kwa wino wa masizi na kalamu ya tete aliyoichonga mwenyewe. Dada zake walitwanga majani ya mhina wakajichora mikono, na kila mmoja maua yake. Wako wasomaji watakaoniuliza habari ya kuchora viumbe wenye roho. Sina fatwa ya kutoa, na masheikh wapo. Lakini majani, maua, mawimbi na nyota havina mushkeli, na aliyeitazama milango ya Lamu anajua fundi amefika mbali kiasi gani kwa jani na mstari peke yake.

Nirudi kwa Bibi Leakey. Alizaa watoto wa kiume watatu, Jonathan, Richard na Philip, na binti, Deborah, aliyefariki mchanga mwaka 1943. Wana wake aliwalea kambini, katikati ya vumbi na mbwa wake wa madoadoa, na aliwaachia waokote. Richard alikuwa na umri wa kama miaka sita alipofukua taya la nguruwe mkubwa wa kale huko Kanjera, kando ya ziwa la Nyanza. Wakubwa wakalichukua wakamalizia wao, na yasemekana mtoto alikasirika kwelikweli kwa kunyang'anywa.

Habari za Olduvai zinajulikana, nami nitazipitia upesi. Mwaka 1948, kisiwani Rusinga, Mary alipata fuvu la mnyama wa jamii ya nyani wa kale sana. Tarehe 17 Julai, 1959, mumewe akiwa amelala homa kambini, alitoka na mbwa wake akaona mfupa umechungulia ardhini, nalo likawa lile fuvu waliloliita Zinjanthropus. Jina hilo limetoka kwetu, kwa sababu Zanj ndilo jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani hii ya Afrika Mashariki. Louis alifariki mwaka 1972. Mary akaendelea peke yake, na mwaka 1978 huko Laetoli kundi lake likafukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, nyayo ambazo wataalamu wanazipa umri wa miaka milioni 3.6. Wengine walijenga nadharia kubwa juu ya vitu alivyovipata. Yeye mwenyewe hakuwa mpenzi wa nadharia. Alipendelea kuchora kilichopo na kukiacha hivyo.

Kazi ambayo yeye aliipenda kuliko nyingi haikuwa ya mafuvu. Mwaka 1951 alikwenda Kondoa, Tanganyika, akakaa miezi kama mitatu katika mapango yenye michoro ya kale juu ya miamba. Ipo ya rangi nyekundu, iliyotokana na udongo wenye chuma, yenye twiga, pofu, na watu warefu wembamba wenye nywele zilizopangwa namna namna. Na ipo ya baadaye, ya rangi nyeupe. Mary alibandika karatasi nyembamba ya kuonea juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akaihamishia juu ya karatasi nyingine na kutia rangi kwa kuilinganisha na ile ya mwambani. Alinakili michoro ipatayo 1,600. Mingi ilikuwa tayari ikififia kwa jua, mvua na mikono ya watu. Vitabu vingine vilimshughulisha, na kitabu cha michoro hiyo hakikutoka mpaka mwaka 1983, mwaka ule ule alioacha kazi ya Olduvai na kwenda kukaa Nairobi. Kwa wakati huo jicho lake moja lilikuwa limekwisha kupoteza nuru. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba, 1996, akiwa na umri wa miaka 83. Mapango ya Kondoa yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Kile kilima cha Nakuru kilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1943, na nyumba ya shamba iliyokuwapo hapo ikafanywa jumba la makumbusho mwaka 1965. Msomaji apitaye Nakuru na watoto, akienda Kisumu au Eldoret, ataliona jina barabarani kabla ya kuingia mjini. Watoto wapewe karatasi na kipande cha makaa kutoka nyumbani, waketi juu ya majabali wachore watakacho, wala pasiokotwe kitu ndani ya eneo lile, hata kibanzi, kwani kila kibanzi hapo kina mahali pake. Mawe ya kuchukua yako tele nje, kandokando ya njia, baada ya mvua. Bao liko mwambani, nalo ni la kutazamwa tu. Anayetaka kucheza na achimbe mashimo yake chini ya mti, nje ya uzio.